Plasta Kwenye Jicho la Simu

Kabla ya kupiga simu alikata kipande cha plasta, akakibandika juu ya jicho la kamera, akakisugua kwa kidole hadi kikashika. Kisha akaenda nyuma ya nyumba, akaketi chini kwenye udongo laini karibu na minyaa. Pale Mpwapwa mtandao ulishika hata barazani, ila yeye alipenda hapo.

Luka alikuwa akiswaga mbuzi. Alipomwona na simu mkononi aligeuza uso, akapitia upande wa pili wa zizi. Simu aliinunua Luka mwenyewe kwa ajili ya mkewe, siku zile hofu ya mimba ilipoingia nyumbani. Sasa ameiomba mara mbili, na mara mbili amenyimwa.

Mwanzoni, ushauri wa simu ulipoanza, jirani yao Mwamvua alicheka mpaka akashika mbavu, akauliza huyo mganga wa simu tumbo atalipapasa kwa mkono gani. Lakini usingizi ulirudi, na nyimbo zikarudi jikoni.

"Rose," aliita mshauri kutoka Dodoma. Jina lake Ikram, binti mwenye sauti isiyo na haraka. "Umelalaje?"

"Sijalala."

"Bado unasikia mtu anakuita?"

"Kila alfajiri. Nikitoka, uwanja mtupu."

"Na mtoto, anacheza?"

Alikaza rozari kiganjani. Uongo aliuogopa, Mungu hahitaji mtandao kusikia.

"Leo ametulia."

Ikram akamwambia wapumue pamoja kama ilivyo kawaida yao, aweke mkono pale alipo mtoto. Akaweka kiganja, akakiacha hapo. Pumzi ikaingia, ikatoka. Akaulizwa anahisi nini.

"Joto," alisema.

Simu hii ndiyo ilikuwa chakula chake cha wiki nzima. Wengine walimwambia ajikaze, amwachie Mungu, wakaenda zao shambani. Hakuna aliyemuuliza amelalaje. Pale nyumbani hata jina la Rose halikutajwa tena. Kwenye simu liliitwa kila Jumatano, kwa upole, na kwa hilo jina alivumilia hadi Jumatano nyingine.

"Rose, nina wasiwasi," alisema Ikram. "Tangu Pasaka sijauona uso wako, na sauti imekukauka kama ya mtu aliyelia mno. Mimba imeingia mwezi wa tisa, mpenzi. Fungua kamera nikuone. Ukikataa, kesho namtuma muuguzi aje hapo nyumbani."

Alimwona huyo muuguzi akilini, akipiga hodi, na Luka akimjibu mlangoni. Neno moja la Luka lingetosha, na Jumatano zingekwisha. Heri zikwishe kwa mkono wake mwenyewe.

Upepo ulipeperusha vumbi juu ya minyaa. Kwa ukucha wa kidole gumba cha mkono ulioshika simu akaanza kubandua plasta. Ikatoka vipande vipande. Akainua simu hadi usoni.

Ikram alikodoa macho. Kisha, kwa adabu aliyolelewa nayo, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, mama. Samahani, nilikuwa naongea na Rose."

"Marahaba, mwanangu. Mimi ni mama yake."

"Naomba nimwone."

Akaigeuza simu polepole. Ikauonyesha msalaba wa mbao, ikashuka hadi kwenye udongo, pale kiganja chake kilipokuwa kimetulia tangu walipoanza kupumua.