Mgao wa Mkwaju

Miaka hiyo mabomba yalifunguka kwa kiganja cha mwenye mgao tu, na kila mtu alipewa maji yake palepale alipolala. Kwa hiyo Bibi Nyamizi alipolazwa hospitalini, mgao wake ulimfuata huko, na mkwaju wake ukabaki kibarazani bila hata tone.

Ulikuwa mti wa bonsai, haufiki magotini, ambao marehemu mumewe aliukunja matawi kwa waya na subira mpaka ukafanana na mkwaju mkubwa wa shambani. Chungu chake kilikuwa na kina cha sahani. Siku mbili za jua zilitosha kuukausha.

Aliporudi, hakuketi kwanza. Alikwangua gome kwa ukucha, na ndani yake akaona kijani kibichi.

"Mungu wangu, uko hai!"

"Usilie, bibi," alicheka Tabu, jirani yake wa mlango wa pili. "Mti gani huu, unakunywa kuliko mume wangu! Nilikuwa naupitia kila asubuhi na glasi yangu."

Bibi Nyamizi alimshika mikono. Ndipo alipoiona midomo ya Tabu, ilivyokauka na kupasuka. Akaweka kiganja chake bombani, akajaza glasi ya maji, akampa.

"Kunywa, mwanangu. Yote."

"Ahsante, bibi."

Tabu aliipokea kwa mikono miwili, huku akiendelea kumsimulia habari za majirani na kucheka. Kisha, bila hata kuangalia, akayamimina maji yote chunguni, taratibu, asimwage hata tone.