Miche ya Mhadhiri

"Msiguse, hesabuni tu," alisema mhadhiri, akiwaonyesha wanafunzi mikoko aliyoipanda mwenyewe. Kila aliyefikia mche ulio hai alipaza sauti: "Mzima!"

Binti wa mwisho machale yakamcheza. Mche gani huu, majani yamenyauka na shina limenyooka kama mlingoti? Akajifanya ameteleza, akaushika.

Ukachomoka kama mwiko kwenye uji. Haukuwa na mzizi hata mmoja. Ncha yake ilikuwa imechongwa kwa panga, bado mbichi, ikitoa majimaji.

"Vipi huko, mwanangu?" mhadhiri aliuliza kwa upole. "Wako mzima?"

Binti akawageukia wenzake wamsaidie. Hakuna aliyeinua macho. Kila mmoja alikuwa ameinama, ameushikilia mche wake usianguke.