Kaburi Lisilo na Nyasi

"Njia hii ni ya baiskeli tu, mama," mlinzi alimwambia Nyamvula kwenye lango la msitu. "Waenda kwa miguu hawaruhusiwi."

"Mwanangu, mimi nimeipita hii na kuni kichwani kabla hujazaliwa."

"Hiyo zamani. Sasa ni hifadhi. Kodi baiskeli, mzunguko ni rahisi, hata watoto wanauweza."

Basi akakodi. Hakuwahi kupanda baiskeli maishani mwake, wala hakuna aliyemuuliza. Walimvisha kofia ngumu juu ya leso, wakamfungulia lango. Akaikokota kama mbuzi mkaidi, jembe dogo kalificha kwapani, huku wageni wakimpita na kumpigia kengele.

Zamani, kila mvua zilipokaribia, alipalilia kaburi la mumewe nyuma ya nyumba yao. Tangu wahamishwe ili msitu uhifadhiwe, hakuwa amerudi.

Nyumba haikuwepo. Mkorosho wao ulikuwepo, na chini yake kaburi, halina hata jani moja la kung'oa. Udongo ulikuwa umeshindiliwa na magurudumu hadi ukang'aa. Kibao kando yake kiliandikwa: KIJILIMA CHA KURUKIA. SALAMA KWA WATOTO.

Baiskeli moja ikaja mbio, ikapaa, ikatua. Mwendeshaji akashangilia.

Nyamvula akailaza baiskeli yake juu ya kaburi, akaketi kando, jembe mapajani, kofia ingali kichwani. Gurudumu la mbele lilikuwa bado linazunguka wakati kengele ziliposikika tena, zikishuka kutoka kwenye kona.