Namba ya Posa

Kuku alikuwa amekwisha kula punje kama arobaini hivi Donati alipomfukuza. Akautazama mkeka. Punje elfu kumi mia nne na tatu, amezihesabu tangu asubuhi, na sasa hajui hata zimebaki ngapi.

Yote hayo kwa ajili ya Balbina. Mwaka ule wa hamsini na tano hapakuwa na binti aliyeposwa kama yeye, Ifakara nzima hadi ng'ambo ya mto, Lupiro. Lakini baba yake, mzee Valeriani, hakutaka kusikia habari za mashamba wala ng'ombe. Kila barua ya posa aliijibu kwa namba moja na siku tatu: utafute namba mbili ambazo ukizizidisha zinaizaa hiyo, na moja haihesabiwi.

"Asiyejua kugawa," alisema, "atagawaje mboga nyumbani?"

Macho yake yalikuwa yameingia ukungu, kwa hiyo majibu aliyaandika Balbina mwenyewe, mzee kakaa pembeni akisisitiza namba iwe ngumu.

Theodori, karani aliyesoma misheni, alipewa elfu kumi, na saba juu yake. Siku tatu hakulala, na bado alirudi mikono mitupu.

"Na yako, elfu kumi mia nne na tatu, ni kubwa kuliko ya Theodori," mjomba Viktor, mshenga wake, alimwambia Donati. "Tutafute kwingine, mwanangu. Wasichana hawajaisha bonde hili."

"Kwangu mimi wameisha, mjomba."

Donati akaokota mkaa, akahamia kwenye ukuta wa ghala. Akagawa kwa tatu, ikabaki mbili. Kwa saba, ikabaki moja, akaumia roho kweli. Kwa kumi na tatu, ikabaki tatu. Siku ya pili ukuta wa mbele ulijaa, akazunguka nyuma. Mama yake alimletea ugali huko huko, akamwacha na wazimu wake.

Jumapili, jua linachomoza, aligawa kwa mia na moja. Ikaja mia na tatu. Haikubaki kitu. Alirudia mara tatu, jibu likawa lile lile.

Baada ya misa, uani kwake, mzee Valeriani alizidisha namba hizo mbili kwa mdomo, polepole. Alipofika mwisho akaushika mkono wa Donati.

"Karibu nyumbani, baba."

Vigelegele vikapigwa hadi barabarani. Donati alifurahi kupita kiasi, na kichwa nacho kikavimba kidogo. Balbina alipokuja kummiminia togwa, alimkuta ameshika kipande cha mkaa, anatafuta ukuta.

"Nataka kuigawa hata ile namba ya Theodori," akasema. "Leo hakuna namba itakayonishinda."

Balbina akamnyang'anya mkaa.

"Iache. Ile haigawanyiki kwa chochote," akamnong'oneza. "Nilimaliza wiki nzima kuhakikisha."