Tabaka la Chini

Siku hizi rangi haikolei bila siku ya mtu. Mchoraji humfunga mtu uzi kidoleni, ncha ya pili akaitumbukiza kwenye rangi, na siku moja ya maisha yake huhamia humo. Mwenyewe huisahau kabisa. Anayeigusa picha huihisi siku hiyo kwa kitambo, kama yake.

Picha kubwa ya mchoraji Saumu ilitaka weusi mzito chini. Akamfunga mama yake uzi akiwa usingizini, akachukua siku waliyomzika baba. Alijiambia anampunguzia mzigo. Tangu hapo mama humpakulia marehemu chakula kila jioni, akakifunika kwa kawa.

Leo maonyesho yamefurika. Watu wanayasifu matabaka yaliyopandana, njano juu ya kijani juu ya kijivu, na ile pembe iliyokwanguliwa ili weusi uonekane. Saumu alipogeuka, mama alikuwa ameweka kiganja juu ya weusi huo.

"Mama, toa mkono!"

Hakuutoa. Machozi yalimtiririka mpaka kwenye ushungi.

"Masikini, huyu amefiwa na mumewe," alisema hatimaye. "Na hakuna aliyemkumbatia. Binti yake alikaa kando tu, anatazama moshi wa ubani unavyobadilika rangi. Nani huyu, mwanangu?"

Saumu aliushika mkono wa mama, akauondoa taratibu kwenye picha.

"Basi ukimwona, mpe pole." Mama akajifuta uso kwa upindo wa kanga. "Twende zetu. Baba yako hajala."