Sonara na Dhahabu Nyekundu

"Hiyo si dhahabu," sonara alisema. "Miaka arobaini nayeyusha dhahabu, mwanangu. Hiyo ni sharubati."

Alikuwa amelala chali kwenye kitanda cha hospitali, vifungo vya shati vimefunguliwa, miguu imeinuliwa juu ya mito miwili. Jasho lilimtoka kama aliyebeba magunia. Daktari, binti mwenye subira, alikiinua kile kichupa chekundu dirishani.

"Ni dhahabu, mzee. Ikifanywa ndogo kupita kiasi, inageuka nyekundu. Inatembea na damu, na ikikuta uvimbe wa saratani, inajazana humo humo. Tukipamulika, mwanga unarudi na habari: mistari inasimama kwenye skrini."

Mistari ikisimama, saratani bado ipo na kesho ni kisu. Ikilala, ni nyumbani. Sonara alilijua hilo vizuri mno. Siku tatu hakuna kilichopita kooni mwake ila maji, na mkewe alikuwa amechoka kumbembeleza kama mtoto mchanga.

"Jikaze, baba watoto," mkewe alimnong'oneza, amemshika mkono. "Utanitia aibu mbele za watu."

"Mko tayari?" daktari aliuliza, sindano mkononi.

Sonara alifumba macho, akauma meno, akamwita marehemu mama yake kwa sauti.

"Imekwisha," mkewe alisema. "Wala haiumi."

Wakasubiri saa mbili, dhahabu ifike inakokwenda. Kisha mapazia yakafungwa, na kalamu ya mwanga ikaanza kutembea shingoni, taratibu, chini ya sikio, pale pale palipokuwa na uvimbe. Sonara hakuthubutu kupumua. Aliikodolea macho skrini mpaka machozi yakamlengalenga. Mstari ukatikisika. Ukainuka kidogo. Mungu wangu! Ukalala.

Daktari akapima tena, akapima mara ya tatu, halafu akacheka.

"Hakuna kitu! Hata chembe! Nendeni nyumbani mkale."

Kigelegele cha mkewe kilisikika hadi mapokezi. Sonara aliangua kilio cha furaha, akamvuta daktari akamkumbatia, akaapa kumtengenezea hereni ambazo mji mzima utazionea wivu.

Muuguzi akamgonga goti.

"Haya, mzee, kama kizunguzungu kimeisha, shuka. Tangu asubuhi mgonjwa wetu yuko kwenye kiti. Mpishe mkeo naye anyooshe mgongo."