Jezi Namba Nne

Katika mji mmoja hivi, jina lake limenitoka, Mwinjuma alikuwa beki wa timu ya pale kwa miaka kumi na mmoja. Siku hiyo usajili ulikuwa unafungwa saa tisa alasiri, na yeye, masikini, kakaa kwenye ngazi ya ofisi ya timu, anasubiri kuambiwa kama anabaki.

Uani, Mama Nuhu, yule anayewafulia jezi, alikuwa anaanika. Alipofika kwenye namba nne, ile ya Mwinjuma, akasita.

"Hii wamesema ikauke upesi, baba. Kuna mtu anakuja kuivaa."

Hivyo ndivyo alivyojua.

Mara katibu akatoka na karatasi. "Kapteni, tumebadilishana na wale wa ng'ambo ya mto. Wametupa beki kijana na mipira sita."

"Mipya?"

"Minne ndiyo mipya."

Mwinjuma akacheka peke yake. Akaweka sahihi juu ya goti, na katibu akaondoka mbio kuiwahi saa tisa, hata mkono hakumpa.

Basi akaenda kwenye kamba, akaigeuza ile jezi ndani nje, maana jua kali lile hupausha namba. Miaka yote alikuwa anaigeuza mwenyewe.

"Si yako tena, baba," Mama Nuhu akamwambia polepole.

"Najua, mama."

Lakini hakuiachia. Alisimama pale ameishika upindo, maji yanamchuruzikia kwenye viatu.